Mjomba, Doria anaguguna kila kitu. Nimpe mfupa gani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Mtopanga na mume wangu, watoto, na baba mkwe ambaye ndiye mwenye nyumba. Ni mwezi wa pili sasa tangu tulete mtoto wa mbwa. Ni jike, na tumemwita Doria kwa sababu tulimtaka kwa ulinzi baada ya kuvunjiwa dirisha la jikoni usiku. Aliyetupa alituambia mama yake ni German Shepherd na baba yake ni mbwa wa mtaani tu. Ana miezi minne na siku kadhaa, na nyayo zake ni kubwa hata najiuliza atakuwa na mwili gani akikomaa.

Shida yangu ni meno. Doria anaguguna kila kitu. Ndara za mume wangu zimebaki za mguu mmoja mmoja, mguu wa kiti cha Babu umeliwa kama na panya, na juzi nilimkuta ameuma waya wa friji, nikachomoa umeme mbio. Jumatatu asubuhi nilikuta jino dogo kama punje ya mchele kwenye jamvi, lina damu kidogo. Mwanangu mdogo alilia, akidhani kuna mtu amempiga Doria.

Sasa baba mkwe wangu kila alfajiri huenda kunywa supu na wenzake, akarudi na mifupa kwenye mfuko wa karatasi. Jioni akipitia kwa wachoma kuku na mishikaki, huja na mabaki mengine. Anampenda sana huyu mbwa, nami sijawahi kumwona akicheka hivyo tangu mama mkwe afariki. Ananiambia yeye amefuga mbwa Kaloleni tangu ujana wake na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa mfupa, tena mifupa ndiyo inayojenga mifupa.

Alhamisi iliyopita Doria alikula mifupa ya kuku wa kuchoma. Muda si muda akaanza kukohoa, mate yanamtiririka, anajipangusa mdomo kwa mguu kama mtu anayetaka kutoa kitu. Alitapika, na katika matapishi nikaona kipande chembamba chenye ncha kama sindano ya kushonea magunia, na uzi wa damu. Siku mbili baadaye choo chake kilikuwa cheupe kama chaki, kinavunjikavunjika, naye anajikamua huku analia. Sasa anakula na kucheza, lakini mimi silali.

Nilikwenda duka la vyakula vya mbwa kule Nyali. Wakanionyesha mfupa wa ngozi iliyosokotwa, na mwingine wa kweli uliokaushwa kwa moshi. Kwa bei ile nikaona heri ninunue unga. Muuza nyama wetu naye amejitolea kunikatia muundi wa ng'ombe vipande vya duara, bure. Daktari wa mifugo aliyemchanja aliniambia neno moja tu, "Usimpe mifupa," akamgeukia mgonjwa mwingine. Na jirani yangu, mama mcha Mungu, amelalamika mara mbili kwamba Doria ameacha mfupa barazani kwake.

Nimsikilize nani? Kama kuna mfupa salama, ni upi? Na nitamwambiaje mkwe wangu bila kumvunjia heshima?

Mama Wawili,
Mtopanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa Alhamisi ile. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya kuzungumza mifupa nataka kwanza uwe na hakika kwamba Doria ametoka salama.

Kipande kilichotoka ni bahati. Usichojua ni kama kilikuwa kimoja. Kwa siku chache zijazo mtazame kwa makini. Akianza kutapika tena na tena, akikataa chakula, akikunja mgongo kama anayeficha tumbo, tumbo likiwa gumu ukiligusa, akipitisha siku nzima bila choo huku anajikamua, au choo kikija cheusi kama lami au na damu, usingoje kesho. Mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na umwambie wazi kwamba alikula mifupa ya kuku, maana ataamua kama anahitaji picha ya eksirei. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Kitu chenye ncha kilichoshuka bila kuchana kinaweza kuchana kikipanda, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Usimnyweshe mafuta kwa nguvu pia, kwa sababu yakipotea njia yakaingia mapafuni utakuwa na ugonjwa wa pili. Na siku ukiona kipande kinachungulia nyuma, usikivute.

Kile choo cheupe kama chaki ni mfupa uliosagika. Ukizidi tumboni hukauka ukawa kama saruji, na mbwa mdogo hushindwa kuusukuma. Mpe maji safi ya kutosha, ongeza vijiko viwili vya boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari kwenye chakula chake, na simamisha mifupa yote ya supu na ya kuchoma leo hii. Nimesema yote. Hata ule mmoja wa kumfurahisha Babu.

Sasa niseme kwa nini. Nimefanya kazi ya mifugo karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na jambo ambalo watu hawaliamini kwa haraka ni kwamba mfupa mbichi na mfupa uliopita motoni ni vitu viwili tofauti. Ndani ya mfupa mbichi kuna maji, na kuna kolajeni, nyuzi zinazoufanya unepe kidogo kabla ya kuvunjika. Moto huyakausha yale maji na kuziharibu zile nyuzi, kinabaki kitu kinachofanana na kigae. Chukua paja la kuku wa kuchoma ulivunje kwa mkono, uangalie pale lilipovunjikia. Utaona ncha. Hiyo ndiyo sindano yako ya magunia. Mbavu za mbuzi za kuchoma ni hivyo hivyo, na mifupa ya supu iliyotokota usiku kucha nayo haina usalama. Tena supu ya hotelini ina vitunguu maji na thomu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kidogo kidogo kila alfajiri hakionekani, mpaka siku unapomfunua mdomo ukaona fizi zimepauka.

Mimi mwenyewe nililijua hili kwa njia mbaya. Nilipokuwa kijana, tunakaa Likoni, nilikuwa na mbwa dume wa rangi ya kahawia aliyekuwa akinisindikiza mpaka karibu na feri kila asubuhi. Siku ya sikukuu nilimtupia mbavu za mbuzi za kuchoma, nikaona nimemtendea wema. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na kabla ya alfajiri alikuwa amekufa, kichwa chake kiko juu ya ndara zangu. Niliomba apasuliwe nijue. Kibanzi cha mfupa, urefu wa njiti ya kiberiti, kilikuwa kimetoboa utumbo. Nimeshika matumbo mengi ya wanyama tangu siku ile, lakini kile kibanzi bado nakiona.

Kwa hiyo mzee wako anaposema mbwa wa Kaloleni hawakufa kwa mfupa, simwiti mwongo. Mbwa wa shamba walikuwa wakila mabaki mabichi ya machinjo, mfupa ukiwa na nyama yake na gegedu lake. Lakini kuna jambo jingine ambalo hata yeye akitulia atalikumbuka. Mbwa anayeumwa tumbo hujitenga. Huenda kichakani akalala huko, na nyumbani watu husema amepotea, au chui kamchukua, au katiliwa sumu na jirani. Nani alimpasua akaona?

Daktari wako hakukosea. Ana wagonjwa foleni, akakupa jibu ambalo haliwezi kukudhuru. Nami sitapingana naye, ila nitalimalizia, kwa sababu Doria hawezi kuacha kuguguna hata mkimfungia jiwe mdomoni. Anaota meno. Mbwa huzaliwa kibogoyo, huota meno 28 ya utotoni, na kuanzia miezi mitatu na kitu hadi kama miezi saba hayo hung'oka na kuacha nafasi kwa meno 42 ya ukubwani. Lile punje ya mchele uliloliokota jamvini ni mojawapo, wala halina neno. Mengine atayameza na hayatamdhuru. Fizi zinamwasha na kumuuma, na kuuma kitu ndiyo dawa aliyopewa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni atagugune nini ambacho hakitamvunja jino wala kumziba utumbo.

Kipimo changu ni ukucha. Bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa dole gumba. Ukiacha alama, au kikibonyea kidogo, meno ya Doria yanakiweza. Ukucha ukiteleza kama juu ya bakuli la udongo, kiache. Wengine hutumia goti: kama usingependa kugongwa nacho gotini, usimpe mbwa akiume. Kwa vipimo hivyo viwili, pembe na kwato zinaondoka. Mawe anayookota uani yanaondoka. Na ule muundi wa bure wa muuza nyama wako, samahani kwa ukarimu wake, nao unaondoka.

Muundi ni mfupa uliobeba ng'ombe mzima, mgumu kiasi cha kuvunja jino. Meno mapya ya ukubwani kwa mbwa wa miezi mitano sita bado yana kuta nyembamba, na lile gego kubwa la juu, ambalo mbwa hulitumia kama mkasi, hupasuka ubavuni likaacha neva wazi. Mbwa hatasema. Atatafunia upande mmoja tu, na miezi kadhaa baadaye utaona uvimbe chini ya jicho. Vipande vya duara vina balaa yao ya ziada. Mbwa hulamba uboho ulio katikati, taya la chini linapenya kwenye tundu, pete inaruka nyuma ya chonge na haitoki tena. Nimewahi kuletewa mmoja, ameshikiliwa na watu watatu, taya limevimba, na mwenyewe ameshajaribu kuuvuta kwa koleo. Ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi, mfupa ukatwe kwa msumeno mdogo. Uboho wenyewe ni mafuta matupu. Kwa mtoto wa mbwa huleta kuhara, na mwingine huvimba kongosho, ugonjwa ambao unaweza kuua.

Mshukuru muuza nyama, halafu umwombe kitu kingine. Mwombe koo la ng'ombe. Nasema lile bomba la pumzi, lenye pete pete za gegedu, ambalo mara nyingi hubaki limetupwa pembeni kwa sababu wateja hawalitaki. Gegedu linagugunika kwa raha, linateleza fizini, linabonyea kwenye ukucha, na halivunjiki likawa na ncha. Ukikosa kwa bucha wa mtaani, shuka Kongowea au Marikiti uulize kwa wauza nyama asubuhi mapema. Uliza kwa wale wanaouza nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, kama unavyofanya kwa nyama ya watoto wako.

Ukifika nalo nyumbani, likate kwa urefu, lifunguke kama ganda la muhogo, ili hata kipande kikikwama kooni hewa ipate kupita. Kata utupe vipande vyote vya pafu vilivyobaki chini. Juu, karibu na kikoromeo, kuna tezi mbili laini nyekundu zilizonata ubavuni. Nazo zitoe, kwa sababu zina homoni, na mbwa anayezila mara kwa mara hukonda na moyo kumwenda mbio. Halafu chemsha koo lenyewe, maji yakitokota, kwa dakika 40 hivi, bila chumvi, bila kitunguu, bila chochote.

Kuhusu pafu na ini nisimame kidogo, maana hapa hatari haimhusu Doria peke yake. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia yanaweza kuwa na malengelenge ya maji. Mbwa akiyala mabichi, yanageuka tegu wadogo sana ndani ya utumbo wake, na mayai yao hutoka na choo na kunata kwenye manyoya. Mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anakula mandazi bila kunawa, na uvimbe unaanza kukua ndani ya ini lake taratibu kwa miaka. Turkana ugonjwa huu umewatesa watu kwa vizazi. Kwa hiyo matumbo mabichi ya machinjoni yasiingie kwenye bakuli la Doria, naye apewe dawa ya minyoo kwa tarehe alizopanga daktari. Watoto wanawe kwa sabuni kila wakimaliza kucheza naye.

Koo likishapoa, mpe kipande cha urefu wa shubiri moja, kirefu kuliko mdomo wake, mara mbili au tatu kwa wiki. Kikibaki kipande anachoweza kukimeza kwa mkupuo mmoja, mwondolee. Vingine vifungashe uweke kwenye friza. Masikio ya ng'ombe yaliyochunwa na kuchemshwa yanafaa vilevile, na kano nene za mguu ukizipata. Siku za katikati mpe karoti nzima iliyokaa kwenye friji, ile ya baridi tu isiyoganda kuwa jiwe. Au lowesha kitambaa kinene, kifunge fundo, kiweke kwenye friza mpaka kikakamae, umpe akiume ukiwa umekaa hapo, na ukichukue kinapoanza kuchanika. Ule ubaridi hupoza fizi kuliko mfupa wowote. Ukiwa na pesa kidogo, mdoli wa mpira mzito wenye tundu katikati utakutumikia miezi mingi. Jaza ugali na dagaa waliooshwa mpaka chumvi ikatoka, gandisha, na utapata saa nzima ya kupika bila mtu kukuuma pindo la dera. Ndara kuukuu usimpe. Hajui tofauti ya kuukuu na ile ya Idi.

Umesema aliuma waya wa friji. Waya wa umeme unaweza kuua papo hapo. Pandisheni juu ya ukuta au upitishe ndani ya bomba la plastiki leo jioni.

Ile mifupa ya dukani Nyali hukukosea kuiacha. Ngozi iliyosokotwa hulainika mdomoni ikawa kama kamba yenye utelezi, mbwa akaimeza kipande kizima, na ikifika tumboni huvimba. Mfupa wa kukaushwa kwa moshi ni mfupa uliopita motoni, hata uvikwe karatasi nzuri namna gani. Mwaka 2017, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa 68 hivi za mbwa waliodhurika na mifupa ya dukani ya aina hiyo. Mbwa waliotajwa walikuwa kama 90, na 15 kati yao walikufa. Wengine walikabwa, wengine waliziba utumbo, wengine walikatika mdomoni.

Na kwetu pwani kuna vitu vya kuguguna ambavyo havihesabiwi kuwa mifupa lakini vimenipa kazi kubwa zaidi. Cha kwanza ni gunzi. Mahindi ya kuchoma yanaliwa kila kona, magunzi yanatupwa, na mbwa hupenda ule utamu na chumvi na ndimu iliyobaki. Gunzi halisagiki tumboni. Linakaa hapo hata wiki, halafu siku moja linasogea na kuziba utumbo kama kizibo kwenye chupa, na bila kupasuliwa mbwa haponi. Cha pili ni kijiti cha mshikaki. Kina harufu ya nyama na kina ncha, hakuna kitu kibaya kuliko hicho. Cha tatu ni makumbi ya nazi. Nimeona watu wakimtupia mbwa dafu lililokwisha kunywewa ili ajiburudishe, na kweli anafurahi, lakini zile nyuzi akizimeza hujisokota ndani. Kifuu nacho ni kigumu, kinavunja jino. Ongeza kokwa la embe wakati wa msimu. Ukifagia uwanja asubuhi, macho yako yatafute hivyo vitano.

Hoja ya Babu kwamba mifupa inajenga mifupa ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inabidi ijibiwe vizuri. Mtoto wa mbwa anayelishwa ugali na nyama tupu hukosa kalisi, yale madini yanayojenga mifupa, na miguu hupinda. Lakini mbwa wa damu ya German Shepherd anayekua haraka hudhurika pia na kalisi ikizidi, kwa sababu kabla ya miezi sita hivi utumbo wake hauwezi kuikataa ile ya ziada. Viungo hukua vibaya. Kama Doria anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, kalisi yake imeshapimwa, usimwongezee unga wa mifupa. Kama anakula cha nyumbani, niandikie au muulize daktari kwa vipimo, umwambie unapika nini hasa. Hilo si la kukisia.

Sasa wakati wa kumpa. Mkalishe sehemu moja, pale pale kila siku, ndani ya ua, geti likiwa limefungwa. Kwa joto letu la Mombasa nyama huanza kunuka na nzi kujaa kabla hujamaliza kufua, kwa hiyo dakika 15 hadi 20 zinatosha, kisha kiondoe na uoshe sakafu. Usimnyang'anye. Mpe kipande cha nyama kwa mkono mmoja, useme "acha", akifungua mdomo uchukue koo kwa mkono mwingine, halafu mara nyingine umrudishie kidogo ili ajue kwamba mkono wako hauji kumwibia. Watoto wasimkaribie akiwa na kitu mdomoni, hata yule anayelala naye jamvini. Hakikisha pia kadi yake ina chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa akifikisha miezi mitatu. Akimng'ata mtu, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mtu aende hospitali.

Geti lililofungwa litamaliza na ugomvi wa jirani. Mwanangu, mwelewe mama yule. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mfupa mmoja uliolambwa na kuachwa barazani ni kazi ya kuosha kabla hajaswali, tena kazi ambayo hakuitafuta. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto, umwombe radhi, umwambie mmepanga nini. Na siku Doria akipenya akaacha kitu tena, nenda ukaoshe wewe.

Limebaki la baba mkwe, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Usiende kwake na neno "usimpe". Mzee aliyefiwa na mke, ambaye kila alfajiri anakumbuka kumbebea mtu kitu kwenye karatasi, anabeba zaidi ya mifupa. Ukimkataza, utamwondolea na ile sababu ya kurudi nyumbani akiwa na haraka.

Zungumza naye asubuhi akiwa ametulia, mume wako awepo. Kama kile kipande ulikihifadhi, kiweke kwenye kiganja chake. Kama ulikitupa, chukua paja la kuku wa kuchoma ulivunje mbele yake, umwache aguse ncha kwa kidole. Usiseme mengi. Halafu mwombe akusaidie. Mwambie: "Baba, wewe unajua kuchagua nyama kuliko sisi. Mjomba ameshauri Doria apate koo la ng'ombe, nami wauza nyama wananipunja. Nisaidie kulitafuta." Hapo bado atarudi na kitu kwenye karatasi. Wewe utakata na kuchemsha, na yeye ndiye atakayempa, jioni, kwenye kile kiti chake chenye mguu ulioliwa, kikombe cha kahawa mkononi. Mwachie na ile kazi ya kuhesabu dakika. Mbwa humsikiliza anayekaa naye, na ulinzi mnaoutaka huanzia hapo.

Kila wiki mfunueni mdomo pamoja, taratibu, mkimsifu. Mkiona chonge mbili zimesimama kwenye nafasi moja, la utotoni limegoma kutoka huku la ukubwani linaota pembeni yake, mpelekeni kwa daktari aling'oe kabla halijapinda mwenzake. Akifikisha miezi saba, Babu amhesabie: 20 juu na 22 chini. Yakitimia niandikie tena, tuzungumze kama yuko tayari kwa mfupa mbichi wenyewe, na wa sehemu gani.

Wako,
Mjomba